Bi Pua na Sufuria ya Kimea

Mtaani hawakumwita Bi Pua kwa sababu pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida tu, tena ndogo kidogo kwa uso mpana kama ule. Walimwita hivyo kwa sababu ilikuwa haidanganyiki. Mwanamke huyu alikuwa dobi, na udobi aliuanza angali msichana. Ukimpelekea shati alilipitisha puani mara moja tu, kisha akakwambia lilianikwa juani au lilikaukia chumbani, kama unavuta sigara kwa kujificha, na kama sabuni uliyotumia mara ya mwisho ni ya maana au ya kubabaisha. Wapo wateja walioona haya, wakapeleka nguo zao kwingine. Bi Pua hakuwalilia. Alisema waliobaki ndio wasafi.

Mumewe alikuwa fundi makochi, na jina lake la mtaani lilikuwa Sponji. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya ua uleule. Ukitoka chumba cha pasi unainama chini ya kamba za nguo, unapita pipa la maji, na hapo hapo umeshaingia kwenye mbao, misumari, vitambaa na magunia ya vipande vya sponji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kutwa alishinda na brashi ya gundi mkononi, na ndiyo maana Bi Pua, tangu walipooana, hakuchoka kumwambia, "Baba wewe, pua yako ilishakufa kwa gundi. Imebaki kuzikwa tu." Sponji alicheka kila mara. Aliyasikia maneno hayo miaka nenda miaka rudi, mpaka yakamwingia akilini kama jambo lisilo na mjadala.

Wawili hawa walikuwa na jambo moja walilolifanya bega kwa bega, nalo ni kupika bia yao wenyewe. Si ya kuuza, ni ya kunywa na kukirimu wageni. Walianza kwa kopo la shira ya kimea, ile nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikakamuliwa utamu wake hadi ukawa mzito na wa kahawia kama asali ya zamani. Dukani shira hiyo ilikuwa ya namna mbili. Moja ilikuwa imetiwa hopsi tayari kiwandani, wewe kazi yako maji na hamira, basi. Ya pili ilikuwa tupu, haina hopsi hata chembe. Bi Pua alipoonyeshwa ile ya kwanza alikunja uso.

"Nikanunue bia aliyokwisha kuiwaza mtu mwingine?" alimwuliza muuza duka. "Nipe ile tupu. Mengine ni juu yangu."

Na yalikuwa juu yake kweli. Kimea kitupu ni kitamu cha kuchosha, na kinachokitia adabu ni hopsi, yale maua ya kijani ya mmea unaotambaa, yenye unga wa manjano unaonata vidoleni. Ukiyatia sufuriani mapema yakachemka muda mrefu, yanatoa uchungu. Ukiyatia mwishoni, moto umeshazimwa, yanatoa harufu. Hopsi za dukani huja kwenye pakiti zikiwa na namba ya kukwambia uchungu wake ni kiasi gani. Za Bi Pua zilipanda zenyewe kwenye nyaya nyuma ya karakana, zikakaukia juu ya fremu za makochi alizotandaziwa wavu na mumewe, na hazikuwa na namba wala cheti. Mwaka huu hivi, mwaka ujao vile. Ilibidi awepo mtu wa kuzihukumu.

Hakimu alikuwa Bi Pua. Siku ya kupika, Sponji alibeba sufuria, akachemsha maji, akazima moto kwanza ili shira isigande chini na kuungua, akakoroga hadi ikayeyuka yote, kisha akawasha tena na kusimama na mwiko akililinda povu lisifurike. Hizo zilikuwa kazi za nguvu. Bi Pua alikaa kwenye kigoda, mifuko ya hopsi miguuni. Alichota maua kiganjani, akayasugua, akaingiza pua, akafumba macho. Halafu alitoa hukumu: hizi za mwanzo, hizi za mwisho, hizi za mbolea. Haikukatiwa rufaa. Bia ilipokuwa tayari, shemeji, majirani na hata yule muuza duka walikunywa wakatikisa vichwa kwa kukubali, na Bi Pua akajipiga kifua bila aibu yoyote. Mtu akijua kazi yake, aone haya za nini?

Kisha ikaja homa. Mafua ya kawaida, watu walisema, na kweli yalipita kama yanavyopita. Kilichobaki ni kwamba siku moja Bi Pua alikuwa akipiga pasi shati la mteja, akawa anaongea na jirani dirishani, na jirani ndiye aliyepiga kelele: "Wewe! Moshi!" Kola ilikuwa imegeuka kahawia. Bi Pua aliuona moshi. Hakuusikia. Aliinua ile kola akaibandika puani, akavuta pumzi hadi mbavu zikamuuma, na hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

Daktari alimwambia inaweza kurudi na inaweza isirudi. Bi Pua alimshukuru, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu. Mumewe alipouliza, alisema daktari kampa dawa ya kikohozi.

Kwa nini alificha? Wala si kwa ajili ya nguo. Nguo chafu inajulikana hata kwa macho, na pasi ukiitazama haikuchezei shere. Alificha kwa ajili ya sufuria. Aliona wazi mambo yatakavyokuwa: Sponji atasema pole, mwenye moyo mzuri yule, kisha wataanza kununua hopsi za pakiti zenye namba, na yeye atapewa kazi ya kuosha chupa. Bi Pua aoshe chupa! Afadhali amwage kimea chote mferejini.

Tena hakuwa mtu wa kukaa akilia. Siku chache baadaye aligundua kwamba ulimi wake ulikuwa mzima. Chumvi ilikuwa chumvi, sukari sukari, na uchungu, ukiuonja, ulikuwa uchungu barabara. Basi akajitengenezea mbinu. Alichukua maua ya hopsi ya kila mfuko, akayatia kwenye vikombe vya maji ya moto kama anayepika chai, akayaacha, akaonja. Huu mkali, huu wa kadiri, huu dhaifu. Alicheka peke yake jikoni. Uchungu alikuwa ameupata, tena pengine kwa uhakika kuliko zamani. Na harufu? Harufu ataikisia. Anazijua hopsi zake kama anavyowajua wanawe.

Mwana mwenyewe alikuwa mmoja tu, binti, mwalimu wa udereva, mtu wa kusema jambo lilivyo kwa sababu kazini mwake ukizungukazunguka gari linaingia mtaroni. Binti huyu alikuwa amepata nyumba yake mwenyewe, akapiga simu.

"Mama, nahamia. Sitaki zawadi ya vyombo. Nataka ile bia yenu, ile ya mwisho wa mwaka."

"Utaipata," Bi Pua akasema. "Na hii itakuwa bora zaidi."

Siku ya kupika walisimama mahali pao pa siku zote. Povu lilipanda, likataka kufurika, Sponji akalirudisha kwa mwiko. Hopsi za uchungu zilikwenda vizuri kwa sababu ulimi ulikuwa umeshazipima. Ukafika wakati wa zile za mwisho. Maua mapya hayakuwa yamekomaa bado, kwa hiyo Bi Pua alichukua mfuko wa mwaka uliopita, uliokaa juu ya kabati, karibu na bati la paa, msimu wote wa joto. Alichota, akasugua, akaingiza pua, akafumba macho. Alifanya yote kama kawaida, hata kile kimya kidogo kabla ya hukumu hakukisahau.

"Hizi za mwisho," akasema. "Safi kabisa."

Sponji alipokea mfuko, na ulipopita mbele ya uso wake kuelekea sufuriani aliusikia. Ulinuka soksi. Si soksi za siku moja, ni soksi za mtu aliyesafiri nazo akalala nazo. Akasita, mkono hewani.

"Mbona umesimama? Sufuria inapoa," Bi Pua akasema.

Sponji alimtazama mkewe. Mkewe, ambaye pua yake haikuwahi kukosea tangu waanze kupika. Akajiambia kwamba pua iliyokufa kwa gundi haina haki ya kubishana na pua nzima. Pengine hopsi nzuri hunuka hivyo kwa wasiojua. Akautia mfuko wote.

Wakaipoza, wakaichuja, wakatia hamira, wakalifunika pipa na kulivisha koti la vipande vya sponji lisipigwe na baridi ya alfajiri. Bia ikachacha kwa furaha kabisa, haikujua ina kasoro. Ilipotulia wakaitia chupani na sukari kidogo, wakaibana vizibo, wakaisubiri ijaze gesi. Sponji aliisikia harufu ile kila alipopita karibu na pipa, na kila mara alijilaumu kwa pua yake mbovu.

Siku ya kuhamia walikaa watatu tu kwenye sebule ya binti, juu ya kochi alilolishona baba yake, maboksi bado hayajafunguliwa. Bi Pua ndiye aliyeifungua chupa ya kwanza. Ilitoa mlio mzuri. Akamimina, rangi ikawa ya dhahabu, povu likasimama jeupe. Akanywa funda kubwa kabla ya mtu mwingine. Utamu upo. Uchungu upo, tena umekaa mahali pake. Gesi inachoma ulimi inavyotakiwa.

"Mungu anisamehe kwa kujisifu," akasema, "lakini hii ndiyo bora tuliyowahi kupika. Kunyweni."

Binti akainua bilauri. Hakuifikisha mdomoni. Akaishusha, akaitazama, akaiinua tena.

"Mama."

"Nini?"

"Hii inanuka soksi."

"Soksi gani? Hiyo ndiyo hopsi yenyewe. Umezoea maji ya dukani wewe."

"Mama, mimi nakaa na wanafunzi garini madirisha yamefungwa. Soksi nazijua."

Kabla Bi Pua hajajibu, Sponji alikohoa. "Kosa langu," akasema. "Nilichanganya mifuko. Mama yako alinipa mzuri, mimi nikatia mwingine."

Sponji alikuwa hajui kusema uongo. Alipousema, masikio yake yalicheza. Bi Pua aliyatazama masikio yale yakicheza, na akaelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba bia ilikuwa inanuka kweli, na kwamba mumewe anamsitiri. La kwanza lilimuuma. La pili lilimuuma zaidi. Aliona njia iko wazi mbele yake. Angeweza kunyamaza, akamgombeza Sponji kidogo kwa uzembe, wakacheka, jina lake likabaki juu. Sponji angelibeba kosa hilo hadi kaburini bila kunung'unika. Bi Pua alikuwa na majivuno, hilo sitakataa, lakini hakuwa mwizi.

"Acha, baba," akasema. "Hukuchanganya kitu. Mfuko nilikupa mimi." Akaweka bilauri mezani. "Pua yangu haipo. Tangu yale mafua. Sisikii chochote, si hopsi, si sabuni, si nguo ikiungua."

Binti akamshika mkono. "Mama! Na hukusema?"

"Nimesema sasa."

Halafu binti, kwa nia njema kabisa, akasema lile lile ambalo Bi Pua alikuwa akiliogopa. "Si kitu, mama. Siku hizi zipo hopsi za pakiti. Zina namba. Unafuata namba, basi."

Kuna kitu kilikuwa kimeanza kumkereketa Bi Pua, na alikuwa amemgeukia mumewe.

"Baba. Wewe uliisikia?"

Sponji akatazama sakafu. "Niliisikia."

"Lini?"

"Siku ileile. Mfuko ulipopita hapa." Akagusa mdomo wa juu.

"Ukatia?"

"Ulisema safi kabisa."

"Na mimi nikisema huu ukuta ni mlango, utaugonga kichwa?"

Sponji akafikiri. "Kwa habari za harufu, ndiyo," akasema. "Si ulisema pua yangu imekufa?"

Binti akaangua kicheko, akajaribu kukizuia, akashindwa. Bi Pua hakucheka. Alikuwa ameduwaa. Miaka yote hiyo alikuwa akimzika mtu mwenye pua nzima. Aliona aibu, kwanza, halafu aibu ikageuka hasira, halafu hasira ikageuka kitu kingine chenye nguvu zaidi, kwa sababu Bi Pua hakuwa mtu wa kuona chombo kizima kimekaa bure.

"Hatununui pakiti," akasema. "Imwage hiyo bia, mwanangu, chupa zote, kisha nitakuoshea sinki. Hopsi mpya zikikomaa tunapika upya."

Zilikomaa. Wakazichuma, wakazikausha kwenye fremu, wakapasha sufuria, wakayeyusha kopo jipya la shira tupu. Povu lilifanya vituko vyake, Sponji akalitia adabu. Za uchungu Bi Pua alikuwa ameshazipima kwa vikombe vyake, na zilichemka zilivyotakiwa. Zilipobaki za mwisho alimpokonya mumewe mwiko, akamwelekeza kwenye kigoda.

"Kaa."

"Hapo ni mahali pako."

"Kaa, baba. Mimi nasimamia povu. Chota, sugua, nusa, useme."

Sponji alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Akachota maua ya mfuko wa kwanza, akayasugua kwa vidole vyake vigumu vya misumari na uzi, akaingiza pua.

"Nasikia nyasi," akasema.

"Nyasi za namna gani? Mbichi, kavu, zilizolowa?"

"Zilizokatwa sasa hivi."

"Na nini?"

"Na… kama kitunguu."

"Za mbolea hizo. Weka kando. Mfuko wa pili."

Wa pili Sponji alisema ni ganda. Ganda la nini? Ganda la limau. Bi Pua akambana kama hakimu na shahidi, limau au chungwa, bivu au bichi, mpaka ikatoka kwamba ni chungwa, bichi, na nyuma yake kuna pilipili manga kidogo. Bi Pua aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa anaiona harufu ile. Hakuisikia, hapana, lakini maneno ya mumewe, ya kukwaruza vile, yaliamsha kumbukumbu zake zote za puani, akazipanga, akazilinganisha. Hukumu ilikuwa bado yake. Moyo ukamrudi mahali pake.

"Hizo si mbaya. Zisubiri. Wa tatu."

Sponji akachota wa tatu. Akasugua. Akaingiza pua. Akafumba macho. Akavuta pumzi tena, polepole.

"Kimya cha nini? Zimeoza?"

"Hapana."

"Basi sema, kimea kinachemka."

"Hii naijua," Sponji akasema.

"Unaijua wapi, na wewe juzi ndiyo umejua una pua?"

"Hii ni harufu ya mikono yako." Alifungua macho. "Kila tukimaliza kupika. Ukinishika uso. Miaka yote nilidhani ndivyo unavyonukia wewe, basi. Sikujua ni hopsi."

Bi Pua alisimama na mwiko. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa sabuni na kukakamaa kwa pasi, mikono ya dobi, na hakuwahi kufikiri kwamba ina harufu yake. Ameinusa dunia nzima na mikono yake mwenyewe hakuinusa. Akauinua mmoja hadi usoni kwa mazoea tu. Hakusikia kitu, na safari hii machozi yakamtoka, mengi, wala hakuyaficha.

"Unasema kweli au unanipaka mafuta?"

"Kweli tupu, mama."

Bi Pua alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akalirudisha povu lililokuwa linapanda, akavuta kamasi kwa nguvu.

"Basi zima moto," akasema. "Zitie zote."